Kaburi la Asiye na Mtoto

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikuta Wachagga hawaziki wafu wote sawa. Mzee mwenye watoto alizikwa nyumbani. Baadaye mifupa yake ilifukuliwa na kuwekwa migombani, penye masale. Aliyekufa bila mtoto alipelekwa porini.

Kanisa lilipozika waliobatizwa, halikuuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Kila mmoja alipata kaburi na jina lake likatajwa.

Leo wapo wanaosema turudie mila zote za mazishi. Sale tungali tunalipanda makaburini kihambani, wala hatuoni aibu. Ni alama ya amani na msamaha. Lakini tukirudia zote, ndugu yetu asiye na mtoto tutampeleka wapi?