Msimulizi na Kimya: Historia ya Mswada wa Filamu Fupi Afrika Mashariki na Mfano wa Mbololo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeishughulikia kwa kina tamthilia ya jukwaani na, kwa kiasi fulani, mchezo wa redio. Mswada wa filamu fupi, kwa upande wake, umeachwa mikononi mwa mafundi wa kamera kana kwamba si utungo. Hali hii ina hasara yake. Mwandishi chipukizi wa Mbololo au Voi anayetaka kuandika filamu ya dakika kumi huongozwa na mazoea mawili ambayo asili yake haijui. La kwanza ni la tamthilia ya darasani, ambamo kila jambo muhimu hutamkwa na mhusika. La pili, ambalo ni kongwe na gumu zaidi kung'oa, ni la msimulizi anayemweleza mtazamaji kile ambacho tayari anakiona. Makala haya yanafuatilia historia ya zoea hilo la pili na namna lilivyovunjwa, kisha yanaipima hoja hiyo kwa mali ghafi ya utunzi inayopatikana katika kilima cha Mbololo.

Sauti ya santuri

Mradi mkubwa wa awali wa kutunga filamu fupi kwa ajili ya hadhira ya Waafrika wa eneo hili ulikuwa ule ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi kati ya 1935 na 1937. Fedha zake nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika Milima ya Usambara. Waliousimamia, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliandika kitabu juu yake mwaka 1937. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, na lori likazizungusha katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini zaidi. Sauti haikuwa ndani ya ukanda wenyewe. Maelezo yalirekodiwa katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo, na santuri ikachezwa sambamba na picha.

Jambo hili laweza kuonekana la kiufundi tu, lakini liliamua umbo la utungo. Mhusika alikuwa na mwili bila kinywa. Aliyekuwa na kinywa ni msimulizi, ambaye hakuonekana, hakuhojiwa, na alijua mwisho wa kisa kabla ya wote. Filamu ya mradi huo juu ya Benki ya Akiba ya Posta inatosha kuwa mfano. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaufukia nyumbani kwake na unaibwa. Mwingine anauweka posta na unasalimika. Kwa upande wa msuko, huu ni mswada uliobanwa vizuri: wahusika wawili, siku moja ya malipo, maamuzi mawili, wizi mmoja. Mwandishi wa filamu fupi wa leo angeweza kuuonea wivu ufupi huo.

Kasoro yake iko kwingine. Kibarua anayefukia fedha hana sababu ya kufanya hivyo isipokuwa ujinga. Mswada haukuuliza kwa nini mtu wa miaka ya 1930, ambaye serikali aliijua zaidi kwa kodi ya kichwa, aiamini sakafu yake kuliko dirisha la posta. Lau swali hilo lingeulizwa, kisa kingekuwa na pande mbili zenye uzito na msimulizi angepata shida ya kukifunga. Palipo na msimulizi anayejua yote, mhusika anayekosea hahitaji sababu. Anahitaji kukosea tu.

Haikuwa hivyo katika filamu zote. Mradi huohuo ulijaribu pia ngano, ikiwamo ya sungura na chui, na hapo msimulizi hakuwa mgeni hata kidogo, kwani ngano ina fanani wake tangu jadi. Tofauti ni kwamba hadhira ya ngano humjibu fanani, humkatiza, na mara nyingine humsahihisha. Santuri haikatizwi.

Kuku wa Wilson

Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilianzishwa mwaka 1939 chini ya William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya nchini Nigeria, nacho kililifanya zoea hilo kuwa nadharia. Kwa Sellers, mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha ndefu, mwendo wa polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, na kuepukwa kwa hila zote za uhariri. Kisa kinachonukuliwa sana katika mjadala huu ni cha John Wilson, ambacho Marshall McLuhan alikieneza mwaka 1962. Watazamaji walionyeshwa filamu ya usafi, iliyopigwa polepole kwa makusudi, juu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji hawakujua kuwa kulikuwa na kuku. Walipoukagua ukanda, walimkuta akikatiza pembeni mwa picha kwa muda wa kama sekunde moja.

Kisa hiki kimetumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba hadhira haikujua kusoma picha. Usomaji huo haukubaliki. Hadhira ilisoma picha barabara kuliko walioitengeneza. Katika filamu ambayo kila kitu kilikwenda polepole na kwa adabu, kuku ndiye pekee aliyekuwa na jambo lake la haraka. Aliyekosea ni mwandishi, ambaye aliamini kwamba maana ya picha ni ile aliyoikusudia yeye, na kwamba vingine vyote vilivyomo havionekani. Katika filamu fupi hakuna pembe ya picha isiyo na maana, na hakuna muda wa kumwondoa kuku kwa maelezo.

Mhusika apata kinywa, kisha anyamaza

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ziliwapa wahusika mazungumzo yao wenyewe. Muhogo Mchungu ya 1952 ndiyo inayokumbukwa zaidi, pengine kwa sababu Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza ndani yake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo kazi ya msimulizi haikufutwa, iligawiwa wahusika. Jina lenyewe la filamu limekwisha kutoa hukumu kabla ya picha ya kwanza.

Mabadiliko yenye maana kwa umbo hili yalikuja baadaye sana. Katika Pumzi ya 2009, filamu ya dakika zipatazo ishirini iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya, mazungumzo ni machache mno. Asha anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu ndani yake, na uamuzi wake wote unasomeka katika namna anavyotumia maji. Katika ulimwengu ambao jasho la mtu husafishwa ili linywewe, tone moja linalomwagiwa mche ni kauli nzito kuliko hotuba.

Watu Wote ya 2017, iliyoandikwa na Julia Drache na kuongozwa na Katja Benrath walipokuwa wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, inafaa zaidi kuchunguzwa, kwa kuwa chanzo chake ni tukio halisi lililojaa kishawishi cha kuhubiri. Desemba 2015, karibu na El Wak katika eneo la Mandera, washambuliaji walilisimamisha basi na kutaka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mswada haukuanza na ushujaa huo. Ulianza na Jua, mwanamke Mkristo anayewaogopa abiria wenzake na ambaye ana sababu za kuwaogopa. Kwa hiyo mavazi ya Kiislamu yanapopita mikononi ili afichwe, kitendo hicho kinajibu swali ambalo mtazamaji amekuwa nalo tangu kituo cha basi. Filamu ina dakika 22, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Lililo muhimu kwa mhakiki ni kwamba mhusika mwenye shaka amepewa sababu, jambo ambalo kibarua wa 1935 alinyimwa.

Mbololo

Milima ya Taita na ya Usambara ni ya safu moja, Milima ya Tao la Mashariki, na Mbololo ni kilima kilichojitenga na Dawida kwa upande wa mashariki. Mali ghafi ya utunzi haikosekani huko, lakini si yote inayofaa umbo fupi. Kuna ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, lisiloota porini pengine popote duniani isipokuwa katika kilima hicho. Mwandishi atashawishika kulitungia filamu, na msimulizi atarejea mara moja, kwa maana ua halina la kutenda na upekee wake hauonekani kwa macho. Ni lazima uelezwe. Kuna pia, ng'ambo ya Voi, kisa cha watu wa Kasigau, waliotuhumiwa na Waingereza kuwasaidia Wajerumani mwaka 1915 na kuhamishiwa Malindi, ambako wengi walifia kabla waliosalia hawajarudi katika miaka ya 1930. Hicho ni kisa cha filamu ndefu. Kukibana katika dakika kumi ni kuita santuri ije kujaza miaka ishirini.

Kinachofaa zaidi ni kitendo. Grace Harris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, ameueleza wutasi, yaani ibada ya kuitoa hasira moyoni. Mtu hupiga funda la kinywaji, hulipuliza nje, na hutamka maneno ya heri. Katika imani hiyo, hasira iliyofichwa ya ndugu yaweza kuwa chanzo cha maradhi nyumbani, hata kama mwenye hasira hajatenda lolote.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mtoto anaugua. Kaka wawili hawajasemezana tangu mpaka wa shamba usogezwe. Mkubwa anaitwa atase. Mswada wa kurasa nane, kwa kadiri ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, unatosha: njia ya kupanda kilima, jiwe la mpaka lililohamishwa, kibuyu kinachosubiri, funda. Kamera yaweza kuona mpulizo. Haiwezi kuona kama hasira imetoka. Hapo ndipo penye kisa, na hapo ndipo msimulizi angekiua kwa sentensi moja ya kuthibitisha kwamba kaka amesamehe. Mdogo naye hajui. Anaangalia midomo ya kaka yake kama mtazamaji anavyoiangalia, na mtoto yumo ndani akikohoa. Na jiwe la mpaka lisiwekwe katika picha ya kwanza kwa bahati, kama kuku wa Wilson. Liwekwe kwa sababu litaangaliwa tena.

Linabaki suala la lugha. Kaka hao watasemezana Kidawida, na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha yaweza kugeuka mlango wa nyuma wa msimulizi, hasa inapoongeza maelezo ya mila ambayo hakuna mhusika aliyeyasema. Maneno ya heri yatafsiriwe yote, kwa kuwa ndiyo mahali ambapo mtu anaweza kusema uongo na mtazamaji ana haki ya kuupima. Neno kutasa lenyewe liachwe lilivyo. Mtu wa Mbololo hatalihitaji lielezwe, na mtu wa Nairobi atakuwa ameona, kabla halijatamkwa mara ya pili, maji yakiruka kutoka kinywani na kulowesha vumbi la uani.