Vali ya tabo na hatari ya kukiita kitu kwa mlio wake

KISWAHILI hakioni haya kukipa kitu jina kutokana na mlio wake. Pikipiki ilijitaja yenyewe ilipopita barabarani. Tingatinga nayo ikafanya vivyo hivyo shambani. Wanaisimu huziita sauti hizi tanakali, na ni mojawapo ya njia kongwe za kuunda maneno katika lugha zetu. Sina ugomvi na njia hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba kuna wakati mlio hutuficha kazi ya kitu, na anayelipia kosa hilo ni mwenye gari.

Mtoto wa jirani yangu alinunua Subaru kuukuu yenye tabo. Jioni moja alinipitia nyumbani, uso umejaa furaha.

“Mwalimu, hebu sikia. Nimeiwekea ile ya psss!”

Akapiga resi, akaachilia mafuta, na kweli gari likatoa pumzi kali kama nyoka aliyekanyagwa. Mbwa wa mtaa mzima walibweka. Wiki moja baadaye alirudi bila kicheko. Kila akiondoa mguu kwenye mafuta akikaribia mzunguko wa barabara, gari linasitasita, wakati mwingine linazima kabisa. Moshi ulikuwa mweusi na harufu ya petroli imejaa ndani. Fundi aliyemfungia kifaa kile alimwambia ni plagi. Akanunua plagi, na hali ikabaki ile ile.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, alifungua boneti, akatazama mara moja tu. “Kijana, hii gari ilitoka kiwandani na vali yake. Wewe umetoa ya kazi, ukaweka ya kelele.”

Ili tuielewe kauli hiyo, turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1905, mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza nchini Ujerumani kwa wazo rahisi: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure. Ukiuelekeza uzungushe gurudumu, na gurudumu hilo lizungushe pangaboi upande wa pili, pangaboi litasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo yanaweza kuongezwa, na nguvu hupanda. Hiyo ndiyo tabo.

Kwa miaka mingi tabo haikuwa kitu cha magari madogo. Mwaka wa 1918, Sanford Moss wa Marekani aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, kuonyesha kwamba tabo huirudishia injini pumzi inayoikosa mahali penye hewa nyepesi. Katika miaka ya 1920, tabo za Büchi zilifungwa kwenye injini za dizeli za meli. Injini hizo za dizeli hazikuhitaji vali tunayoizungumzia. Kwa nini?

Jibu liko kwenye mlango. Injini ya petroli ina kilango cha hewa. Ukikanyaga mafuta, kilango hufunguka, ukiachilia, hufungwa. Dizeli ya zamani haina kilango hicho. Nguvu yake hudhibitiwa kwa kiasi cha dizeli kinachoingia, na hewa hupita bila kizuizi. Ndiyo maana ile “pshh” unayoisikia kwa lori kubwa likisimama si ya tabo hata kidogo. Hiyo ni hewa ya breki.

Mwaka wa 1962, Marekani ilitoa magari mawili madogo ya petroli yenye tabo: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Kwenye Corvair, kabureta na kilango chake vilikaa kabla ya pangaboi. Dereva akiachilia mafuta, hewa ilizuiwa kabla haijafika kwenye tabo, kwa hivyo hapakuwa na presha ya kukwama mbele yake.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970. BMW ilileta 2002 Turbo mwaka wa 1973, Porsche ikaonyesha 911 Turbo mwaka wa 1974, na Saab ikafuata na 99 Turbo. Porsche na Saab hizo hazikuwa na kabureta. Hewa ilipimwa kwanza, ikasukumwa na pangaboi, halafu ndipo ikakutana na kilango. Sasa fikiria dereva ameshika kasi, tabo inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, kisha anaondoa mguu ili abadilishe gia. Kilango kinafungwa ghafla, lakini pangaboi bado linasukuma. Hewa ile iende wapi? Inagonga mlango uliofungwa na kurudi kwa fujo kupitia kwenye pangaboi lenyewe. Tabo hupungua kasi, na presha ikiwa kubwa, fimbo yake na beringi zake hupata mshtuko kila gia inapobadilishwa.

Hapo ndipo vali ilipopata kazi. Huwekwa kwenye bomba kati ya pangaboi na kilango. Ndani yake mna springi na kiwambo, au pistoni ndogo, na paipu nyembamba inayotoka upande wa pili wa kilango. Kilango kikifungwa, injini hufyonza na kuacha ombwe nyuma yake. Ombwe hilo huvuta kiwambo, vali ikafunguka, na hewa iliyokwama ikapata njia.

Wanaozungumza Kiingereza wana majina mawili hapa. La kwanza hutaja kupuliza nje: hewa inamwagwa hadharani, nasi tunasikia psss. La pili hutaja kupita kando: hewa inarudishwa kimya kimya kwenye bomba lililo kabla ya pangaboi, tayari kusukumwa tena. Tofauti ya majina ni tofauti ya kazi.

Subaru Impreza zenye tabo zilizofika kwetu kutoka Japani zilitoka kiwandani na vali ya aina hii ya pili. Kompyuta ya gari la kijana wetu huhesabu hewa inayopita kwenye kipimahewa, kisha hutoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikirudishwa kwenye bomba, hesabu hubaki sawa. Ikimwagwa nje, kompyuta inaendelea kutoa petroli ya hewa ambayo haipo tena. Petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi, na gari linazima kwenye mzunguko wa barabara. Plagi hazikuwa na hatia.

Haimaanishi kwamba kila gari lina tatizo hili. Kuna magari yanayopima presha baada ya kilango badala ya kuhesabu hewa mapema, na hayo hayasumbuliwi sana na vali ya kumwaga. Kuna pia magari makuukuu yenye presha ndogo ambayo hayakupewa vali yoyote, na kuyafungia moja kunaweza kuisaidia tabo, mradi springi ilingane na presha ya gari na paipu ya ombwe ichukuliwe mahali pafaapo. Springi ikiwa laini mno, vali huvuja hata gari likivuta. Ikiwa ngumu mno, haifunguki. Maswali haya ndiyo mteja anapaswa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Lakini atayaulizaje iwapo neno pekee alilo nalo ni “ile ya psss”?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Waswahili walipokutana na motokaa hawakukimbilia mlio peke yake. Walichukua usukani, neno la mabaharia, wakaliingiza garini kwa kuwa kazi ni ile ile: kuelekeza chombo. Pangaboi lilianzia kwa mtumishi aliyevuta kamba ya pepeo, likahamia kwenye mashine iliyochukua kazi yake. Majina haya mawili yanakuambia kitu kinafanya nini, hata kikiwa kimya.

Kwetu Kenya, tabo ilipata sifa pia kupitia Safari Rally. Toyota Celica zenye tabo zilishinda mfululizo mwaka wa 1984, 1985 na 1986, na mwaka wa 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan akashinda kwa Celica. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi walibaki na mlio masikioni. Kazi hawakuiona, na hawakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Pendekezo langu ni dogo. Ile inayomwaga hewa nje tuiite vali ya kumwaga. Ile inayoirudisha tuiite vali ya kurejesha. Kuna atakayependa vali ya mchepuko, kama barabara ya mchepuko, ila najua vijana watacheka na kusema ni mpango wa kando! Heri wacheke, mradi wajue hewa inakwenda wapi.

Kijana wetu alikuwa bado na vali yake ya zamani kwenye buti, imefungwa kwa gazeti. Fundi mzee aliirudisha kwa muda usiozidi saa moja, na gari halijazima tena. Mtaa umetulia, mbwa wamelala. Siku hizi akinipitia haniambii tena habari za psss. Juzi aliniuliza, “Mwalimu, hiki kiwambo kikipasuka nitajuaje?”