Vidonge na Barua

Mwaka 1996 nilikuwa na safari moja kila asubuhi: kwenda posta kufungua sanduku la barua. Nilikuwa nimepunguzwa kazini mwaka uliotangulia, kama walivyopunguzwa wengi katika mashirika ya umma, na nilikwisha kutuma maombi kumi na tisa. Siku moja likaja jibu la mahali nilipokuwa nimesailiwa mara mbili. Lilianza kwa neno "tunasikitika". Usiku ule nilichukua vidonge vya amitriptyline, nilivyokuwa nikimeza kwa miezi minane kwa ajili ya sonona, nikavimwaga chooni. Nilijiambia: kama dawa haikuniletea kazi, ya nini?

Haukupita muda mrefu, nikashikwa na kichefuchefu, jasho na ndoto za kutisha, usingizi ukanihama. Siku ya tano mke wangu hakwenda sokoni, akiogopa kuniacha peke yangu. Mimi niliamini kuwa ni ile barua iliyonimaliza. Sikujua kwamba mambo matatu yalikuwa yamevaa kanzu moja: uchungu wa kukataliwa, ugonjwa wenyewe, na mwili uliokatiwa dawa ghafla. Tangu hapo nimesoma habari za mambo hayo, na naona kila moja lina historia yake.

Dawa za sonona zilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazid, na madaktari wakashangaa kuwaona wamechangamka kupita kiasi. Miaka michache baadaye Roland Kuhn, daktari wa akili huko Münsterlingen, Uswisi, alijaribu imipramine kwa wagonjwa wa skizofrenia. Hao haikuwafaa, lakini mwaka 1956 aliona kuwa waliozama katika huzuni wanaibuka. Amitriptyline ilifuata mwaka 1961, na mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu.

Lililonishangaza ni hili: kufikia mwaka 1959 walikuwapo madaktari waliokwisha kuandika kwamba mgonjwa akikatiwa imipramine ghafla hupatwa na taabu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wagonjwa wengi waliambiwa kuwa taabu hiyo ni ndogo na hupita upesi. Mwaka 2019 ndipo chuo cha kitaifa cha madaktari wa akili wa Uingereza kilipokiri kwamba kwa baadhi ya watu inaweza kuwa kali na ndefu. Mwaka huohuo wataalamu walieleza jambo ambalo wagonjwa walilijua kwa miili yao, kwamba kipande cha mwisho ndicho kizito. Kupunguza miligramu tano juu ya hamsini si sawa na kupunguza tano juu ya kumi, kwani kiasi kidogo cha dawa hufanya kazi kubwa katika ubongo.

Na kukosa kazi je? Karibu na Vienna, Austria, kuna mahali paitwapo Marienthal. Kiwanda chake cha nguo kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza, wakatoa kitabu mwaka 1933. Walikuta watu wenye muda tele wakiazima vitabu vichache kuliko zamani. Wanaume wengi hawakubeba tena saa. Walisimama mara kwa mara walipopita barabarani, ilhali wanawake, waliokuwa bado na nyumba za kuendesha, walikwenda haraka zaidi. Niliposoma hayo nilikumbuka mwendo wangu wa kutoka posta. Kumbe hata watu ambao hawakuwa wagonjwa hulegea miguu wakikosa pa kwenda.

Mke wangu ndiye aliyenirudisha kwa daktari. Mzee yule hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kazi hujapata na dawa umeitupa. Sasa utajuaje kipi kinachokuuma?" Akanirudishia vidonge vitatu kwa siku, akanipa sharti: siku tutakayoanza kupunguza isiwe karibu na usaili wala majibu ya usaili, na nisipunguze kitu kabla ya kumwona. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tulianza mwaka 1997, wakati nilipokuwa nimepata vipindi vya jioni vya kufundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu. Malipo yalikuwa madogo, lakini saa kumi na moja palikuwa na mahali paliponingoja. Tulitoa kidonge kimoja, tukasubiri wiki kadhaa, tukatoa kingine. Cha tatu tulikipunguza kwa vipande, na mara moja tulirudi nyuma. Nilimaliza mwanzoni mwa 1998.

Miezi miwili baadaye nilifungua sanduku nikakuta "tunasikitika" nyingine, ya kazi niliyoitaka kuliko zote. Nilifika nyumbani nikampa mke wangu aisome. Nililia. Kisha nikala, nikaenda kufundisha, nikarudi nikalala mpaka alfajiri. Asubuhi bado iliniuma, nami nikaenda posta na ombi jingine.