Mbegu Iliyovuka Bahari

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alikaribishwa chakula Mogadishu: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, tangawizi mbichi, na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Pilipili hiyo haikuwa hii kali tunayoijua. Mmea wa hii kali wakati huo ulikuwa ng'ambo ya Atlantiki, ambako watu wa Meksiko walikuwa wameulima kwa maelfu ya miaka.

Baharia Columbus aliuandika katika kumbukumbu zake Januari 1493. Baadaye Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, waliueneza Afrika na India kwa merikebu zao.

Lakini sifa zote tusiwape mabaharia. Ndege hawausikii ukali wa pilipili; humeza tunda, kisha hudondosha mbegu zikiwa nzima, mbali na mti mama. Ndiyo maana pilipili kichaa huchipua yenyewe kando ya ua na vichakani, mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Biashara nayo ikaja: katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa ikiuza pilipili kavu nje, pamoja na karafuu na pembe za ndovu.

Mkulima aliongeza subira na uteuzi: tunda huachwa liive hadi liwe jekundu, mbegu hukaushwa kivulini, husiwa kitaluni, na miche hupandikizwa mvua ikishika. Anayetaka aina ya nyumbani kwao isipotee, aanze msimu huu kwa kutunza mbegu za mti wake bora.