Vwawa, kituo cha matembezi mkoani Songwe

Vwawa ni mji wa nyanda za juu kusini magharibi mwa Tanzania, makao makuu ya Mkoa wa Songwe na ya Wilaya ya Mbozi. Uko kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, takriban kilometa 70 kutoka Mbeya na 40 hivi kabla ya mpaka wa Tunduma. Wasafiri wengi wanaujua kupitia dirisha la basi, linaposhusha na kupakia abiria na kuendelea na safari. Makala hii inauelezea kama mji wa kulala na kutokea kwenda Kimondo cha Mbozi, mashamba ya kahawa, bonde la Ziwa Rukwa na milima ya Ileje. Kwa kazi hiyo Vwawa unafaa kuliko Tunduma, ingawa Tunduma ndio wenye nyumba nyingi za wageni na jina kubwa.

Mahali na hali ya hewa

Mji umekaa juu ya uwanda wa Mbozi, nchi ya vilima vyenye miteremko ya pole. Upande wa kaskazini uwanda unakatika ghafla na kuteremka hadi kwenye bonde la ufa lenye Ziwa Rukwa, ambalo liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini ardhi inainuka tena kuelekea milima ya Bundali na mpaka wa Malawi. Mgeni anayetazama ramani ajue kwamba kuna mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja unamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mwingine unaelekea Ziwa Nyasa na ndio unaotenganisha Tanzania na Malawi.

Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi cha baridi, na asubuhi za Mbozi wakati huo zinataka sweta nzito. Hiyo ndiyo miezi bora ya kutembea, kwa sababu barabara za udongo zinapitika na mbingu iko wazi.

Wenyeji wa Mbozi ni Wanyiha. Wanyamwanga wako zaidi upande wa Tunduma na Momba, Wawanda na Wawungu kwenye bonde la Rukwa, na Wandali, Walambya na Wamalila upande wa Ileje.

Historia kwa ufupi

Kabla ya ukoloni Wanyiha walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. Walijenga matanuri ya udongo, na majembe yao yalikuwa bidhaa ya biashara. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walijenga kituo cha Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, na mmoja wao, Traugott Bachmann, aliishi hapo kwa miaka mingi na kujifunza Kinyiha kwa undani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi hii mara mbili. Mwanzoni mapigano yalikuwa mpakani, hasa kwenye kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo ya Tunduma. Kisha Oktoba 1918 jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipita Mbozi na kikosi chake cha askari na wapagazi, akavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, akafika Kasama, na kusalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Wapagazi ndio waliobeba mzigo wa safari hiyo yote, nao wanastahili kukumbukwa kabla ya jenerali.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, pamoja na Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687 katika mkoa mzima.

Kufika

Kwa ndege, msafiri hushukia Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwishoni mwa 2012. Jina lake limewachanganya wengi, kwani uwanja huo uko katika Mkoa wa Mbeya, si katika mkoa wenye jina hilo. Hata hivyo uko upande wa magharibi wa jiji, kwenye barabara ileile ya Tunduma, hivyo anayekwenda Vwawa hana haja ya kurudi Mbeya mjini.

Kwa barabara, mabasi makubwa ya Tunduma yanapita, na Coaster za Mbeya hadi Tunduma zinapakia siku nzima kupitia Mbalizi na Mlowo. Barabara imejaa malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, na foleni yake wakati mwingine huanza mbali kabla ya mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kwa nia ya kupunguza foleni hiyo. Kwa gari binafsi, ni bora kusafiri mchana. Kuyapita malori milimani usiku ni hatari isiyo na sababu.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina vituo Mlowo, Vwawa na Tunduma. Treni ya abiria ni ya wenye nafasi na wakati. Ratiba yake iulizwe stesheni.

Kimondo cha Mbozi

Hiki ndicho kivutio kikuu cha mkoa, nacho kingetosha kumlaza mgeni Vwawa hata kama pasingekuwa na kingine. Kimondo kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kusini mwa barabara kuu. Njia ya kutoka barabara kuu ina urefu wa zaidi ya kilometa kumi. Bodaboda wanaijua, na kundi la watu wanne au watano litakodi gari dogo.

Ni kipande kimoja cha chuma kilichotoka angani, chenye urefu wa takriban mita 3 na kimo cha mita 1. Uzito wake kwa kawaida hutajwa kuwa tani 16, ingawa makadirio ya zamani yalifika tani 25. Takriban asilimia 90 yake ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli, pamoja na chembe za shaba, salfa na fosforasi. Uso wake una mabonde madogo madogo yaliyotokana na kuyeyuka kilipokuwa kikipasua anga kwa kasi. Anayekigusa asubuhi ya Julai atakikuta baridi kama nanga. Adhuhuri kimeshapata joto la jua. Kwa mpangilio wa vimondo vya chuma vikubwa duniani, huwekwa kati ya nafasi ya nne na ya nane, kutegemea makadirio yanayofuatwa. Kinachoongoza ni Hoba cha Namibia, chenye tani 60 hivi, na kingine kikubwa, Ahnighito kutoka Greenland, kiko katika jumba la makumbusho New York. Cha Mbozi kina sifa ambayo Ahnighito imeipoteza: kimebaki nchini kwake, pale kilipokutwa.

Hakuna shimo la mgongano linaloonekana karibu nacho, na wenyeji hawana masimulizi ya siku kilipoanguka. Mambo haya mawili yanaonyesha kwamba kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, na ardhi imepata muda wa kufuta alama zote. Wanyiha walikijua na kukiheshimu muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kukiandika. Kwenye vitabu kiliingia Oktoba 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiripoti, na vitabu vingi vinasema "alikigundua". Usahihi ni kwamba alikitangaza. Desemba ya mwaka huohuo D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alikata kipande cha sentimeta 10 hivi kwa ajili ya British Museum, na kovu la ukataji limebaki.

Wakati huo sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa imefukiwa. Ili kionekane chote, udongo ulichimbwa kukizunguka na kuachwa nguzo ya udongo chini yake. Nguzo hiyo baadaye ikaimarishwa kwa zege. Ndiyo sababu leo mgeni anashuka kwenye shimo pana na kukizunguka chote kwa miguu. Shimo hilo lilichimbwa na watu, wala si alama ya kuanguka, jambo ambalo walimu wanaowaleta wanafunzi waliseme mapema.

Eneo lilitangazwa kuwa la urithi linalolindwa kisheria mwaka 1967, na kwa miaka mingi lilikuwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2016 kuwa ya kimataifa ya vimondo kwa kumbukumbu ya mlipuko wa Tunguska huko Siberia mwaka 1908, huadhimishwa hapa kwa hotuba, ngoma na michezo. Kwa anayependa utulivu, siku nyingine yoyote ya mwaka ni bora zaidi.

Mashamba ya kahawa

Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza nchini kwa kahawa ya arabika. Karibu na Vwawa, Mbimba, kuna kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), ambacho husambaza miche bora kwa wakulima. Msimu wa kuvuna unaangukia kiangazi. Mtembezi wa wakati huo atakuta familia nzima ziko shambani, mashine za kumenya zikifanya kazi, na kahawa imeanikwa juani kwenye vichanja. Ziara haihitaji wakala. Ukipitia chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, na ukaomba kwa adabu, utapokelewa.

Bonde la Rukwa

Kutoka Mlowo barabara inaelekea kaskazini hadi Kamsamba wilayani Momba, ikishuka kutoka baridi ya uwanda hadi joto la bondeni. Daraja la Mto Momba linaunganisha Kamsamba na Kilyamatundu upande wa Mkoa wa Rukwa. Hii ni safari ya siku nzima au zaidi, nayo inataka gari imara, maji ya kunywa na chandarua, kwa kuwa malaria ya huku si ya mchezo.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake yana magadi, kina chake ni kifupi, na ukubwa wake hubadilika sana kufuatana na mvua za miaka. Kuna mamba, viboko na ndege wengi wa majini. Mgeni asiingie majini.

Bonde hili lina utajiri ambao Watanzania wengi hawajauzoea: mabaki ya viumbe wa kale. Katika miamba ya zama za Kretasia iliyo kati ya Mbozi na ziwa, watafiti wamechimbua mifupa ya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, na majina yao ya kisayansi yamebeba Kiswahili na majina ya huku. Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno yaliyogawanyika kikazi kama ya mamalia, alitangazwa mwaka 2010. Baada yake walifuata dinosaria watatu wakubwa wala majani: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017 na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Huyo wa mwisho ameitwa hivyo kwa Mto Mtuka na kwa pingili za mkia zenye umbo la moyo. Kwenye tabaka changa zaidi, za miaka milioni 25 hivi iliyopita, yalipatikana mabaki ya Rukwapithecus, mmoja wa jamii ya nyani wakubwa wa kale zaidi wanaojulikana, aliyetangazwa mwaka 2013. Tendaguru ya Lindi, machimbo mengine ya mifupa ya dinosaria, imeandikwa sana vitabuni. Songwe bado, na inastahili.

Bonde pia limechimbwa visima vya kutafuta gesi ya heliamu, kikiwemo cha Itumbula.

Ileje na milima ya Bundali

Kutoka Mpemba, karibu na Tunduma, barabara ya lami ya kilometa 50 hivi inaelekea Itumba na mpaka wa Isongole, ng'ambo yake ikiwa Chitipa nchini Malawi. Milima ya Bundali ina mashamba ya miteremkoni, vijito na njia za miguu kati ya vijiji. Anayetaka kupanda aombe kwanza kibali na mwenyeji katika ofisi ya kijiji.

Tunduma na Nakonde

Safari ya nusu siku. Saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja: saa sita mchana Tunduma ni saa tano Nakonde. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni.

Malazi na chakula

Vwawa una gesti na hoteli za kiasi, nyingi kandokando ya barabara kuu. Chumba cha upande wa nyuma kina usingizi bora kwa sababu ya malori. Chakula ni cha kawaida cha nyanda za juu: ugali, maharage, ndizi, nyama choma, na wali wa mchele wa bondeni.

Umuhimu wa sasa

Vwawa umekua kwa sababu ya ofisi za mkoa. Japhet Hasunga, aliyeuwakilisha bungeni kwa miaka mingi, aliwahi kuwa naibu waziri wa utalii na kisha waziri wa kilimo. Hata hivyo utalii wa Songwe ni mdogo. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliozinduliwa mwaka 2018, ulielekezwa hifadhi za Mikumi, Ruaha, Udzungwa na Nyerere, ukaishia mashariki ya hapa. Wageni wanaotaka vilele virefu huendelea hadi Tukuyu kwa Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi. Kwa Kimondo, kahawa na ukingo wa bonde la ufa, siku mbili za kulala Vwawa zinatosha; anayeongeza Rukwa au Ileje atenge nne.