Kiti Kilichozaliwa na Maumivu

Kiti cha enzi cha Lamu kina kila kitu isipokuwa mahali pa kiuno. Mbao zake nyeusi zimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu, kitako na mgongo vimefumwa kwa kamba nyembamba, na mbele pana kibao cha kuwekea miguu ili nyayo za anayekaa zisiguse sakafu. Egemeo lake limesimama wima kama ukuta. Mafundi wa Siyu, Pate na Lamu waliunda viti vya namna hii katika karne ya 19 kwa ajili ya mgeni wa heshima na mkubwa wa mji, na aliyekalia alikuwa amewekwa pale atazamwe. Kama mgongo ulimuuma, hayo yalikuwa yake na Mungu wake.

Kiswahili kinakumbuka jambo hilo hadi leo. Anayeongoza kikao ni mwenyekiti, hata kama wote ukumbini wamekalia plastiki za aina moja. Mwanasiasa hugombea kiti, hutetea kiti, hupoteza kiti. Wengine walijikalia mkekani, barazani, juu ya kigoda au juu ya mbuzi wakikuna nazi, na waliweza kujigeuza, kukunja mguu huu na kunyoosha ule, kuinuka wakitaka. Kiti kilikuwa cheo kabla hakijawa kifaa cha kazi. Kuanzia kwenye cheo hicho hadi kufika kwenye kiti cha kuzunguka chenye vyuma na vishikio chini ya kitako ni safari ndefu, na katika safari hiyo waliosukuma gari mara nyingi hawakuwa maseremala wala mabosi. Walikuwa wagonjwa, na madaktari waliowasikiliza wagonjwa.

Daktari wa kwanza wa kutajwa ni Bernardino Ramazzini wa Italia. Katika kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi, alichokitoa mwaka 1700 akiwa Modena na kukipanua mwaka 1713, aliwatazama washonaji na washona viatu waliokaa wamejipinda kutwa nzima, akawatazama pia makarani. Kwa makarani alitaja mambo matatu: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda mwendo mmoja usiokoma, na akili kubanwa isikosee hesabu. Badilisha kalamu kwa kibodi, na daktari wa kliniki yoyote ya leo atakubali kutia sahihi. Washonaji na wenzao Ramazzini aliwashauri wautumie mwili siku za sikukuu, ili madhara ya siku nyingi za kukaa yapunguzwe na mwendo wa siku moja. Kuhusu kubadilisha kiti chenyewe, wakati wake ulikuwa bado.

Karne moja na nusu baadaye, katika nyumba ya Down, kijijini Kent nchini Uingereza, Charles Darwin alikuwa akiandika akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa chenye mikono, amelaza ubao juu ya mikono hiyo badala ya meza. Kiti kiliinuliwa na kutiwa magurudumu madogo. Watu hupenda kusema kwamba hicho ndicho kiti cha kwanza cha ofisi cha magurudumu. Madai hayo yana chumvi, kwa sababu samani za magurudumu zilikuwapo kabla yake. Kinachosahaulika ni kwamba Darwin alikuwa mgonjwa. Kwa miongo mingi alisumbuliwa na kutapika, moyo kwenda mbio na uchovu ambao madaktari wake hawakuupatia jina la hakika. Siku nyingi aliweza kufanya kazi kwa saa chache tu. Mtu wa namna hiyo hafuati adabu ya meza na kiti cha sebuleni. Hutengeneza kinachomfaa, awaache watu waseme.

Mwaka 1849, Thomas Warren wa Troy, jimbo la New York, alibuni kiti cha fremu ya chuma kilichokaa juu ya springi zilizopinda. Kilizunguka, kililala nyuma na pembeni, kikawa na magurudumu, na baadhi vilikuwa na mahali pa kuegemeza kichwa. Kilipelekwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, watu wakakishangaa, lakini hakikutamba Ulaya. Kwa walio wengi wa enzi zile, mtu wa heshima alikaa wima kwa nguvu za tabia yake mwenyewe, na kiti kinachombembeleza mgongo kilikuwa cha mgonjwa au cha mvivu.

Kisha ikaja taipureta, na pamoja nayo ofisi kubwa zilizojaa wanawake wapiga chapa. Hapo kiti kikagawanyika kama jamii ilivyogawanyika. Bosi alipata kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu, akilala nyuma apendavyo. Mpiga chapa, aliyekaa muda mrefu kuliko bosi, alipata kiti kidogo kisicho na mikono, na kiegemeo cha ukubwa wa sahani nyuma ya kiuno. Nia haikuwa kumstarehesha, bali kumwezesha kupiga kurasa nyingi zaidi. Hata msanifu majengo mashuhuri Frank Lloyd Wright, alipobuni samani za makao makuu ya kampuni ya Johnson huko Racine, Wisconsin, yaliyofunguliwa mwaka 1939, aliwapa makarani kiti cha miguu mitatu. Ukikaa sawasawa, nyayo zote mbili chini, kilitulia. Ukijisahau ukaegemea upande, kilikuangusha. Baadaye kiliongezewa mguu wa nne, na makarani wakaweza kuokota kalamu bila hofu.

Fundisho lililotawala lilikuwa lile ambalo kila mwanafunzi alilisikia darasani: kaa wima, magoti yakunjwe kama pembe ya mraba. Lilipata pigo mwaka 1953. Jay Keegan, daktari wa upasuaji wa Nebraska, Marekani, aliwapiga watu picha za eksirei wakiwa wamelala ubavu, mapaja yamekunjwa kwa viwango mbalimbali. Aliona kwamba mkunjo wa asili wa kiuno, ule unaoingia ndani kidogo juu ya makalio, hutulia pembe kati ya paja na kiwiliwili inapofika kama digrii 135. Ukiikunja hadi 90, nyonga hugeuka nyuma na kiuno hunyooka kama ufito. Mwaka 2006 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwapima watu 22 wenye afya kwa mashine ya MRI wakiwa wamekaa, wakapata pembe hiyohiyo ya 135.

Mjini Gothenburg, Sweden, Alf Nachemson alichukua njia ya kutisha zaidi. Katika miaka ya 1960 aliwachoma watu waliojitolea sindano yenye kipimo cha shinikizo mpaka ndani ya diski, yaani ule mto ulio kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo, kisha akawataka wasimame, walale, wakae, wainame. Shinikizo la kusimama likihesabiwa kuwa 100, la kulala chali lilishuka hadi 25, na la kukaa wima bila kuegemea lilipanda hadi 140. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, tarakimu hizo zilikuwa kama shahidi aliyefika mahakamani baada ya miaka mingi: kumbe hakuwa anadeka aliposema kukaa kunamuumiza kuliko kusimama. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walimwekea mtu mmoja kipimo cha aina hiyo kwa muda wa saa 24, na safari hii kukaa hakukuonekana kubaya kuliko kusimama. Alipojilegeza kitini kizembe, ule mkao ambao kila mama humkanya mwanawe, shinikizo lilishuka karibu nusu. Mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha watu wote. Hata hivyo, tangu hapo anayehubiri mkao mmoja kuwa ndio sahihi ana kazi ya kujieleza.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Janet Travell, daktari wa New York aliyekuwa bingwa wa maumivu ya misuli. Mei 1955 alipokea mgonjwa aliyekuja kwa magongo: seneta kijana John Kennedy, aliyekuwa amekwisha kupasuliwa mgongo zaidi ya mara moja, na upasuaji wa mwaka uliotangulia ukiwa umekaribia kumuua. Travell hakuanza na kisu. Alichoma dawa ya ganzi kwenye misuli iliyokaza, akagundua mguu wa kushoto wa Kennedy ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, akaagiza kiatu kiongezewe kisigino. Halafu akatazama viti.

Ofisini kwake palikuwa na kiti cha kubembea cha mbao za mwaloni, kitako na mgongo vimesukwa, kilichotengenezwa katika mji mdogo wa Asheboro, North Carolina. Kennedy alikikalia, akakitaka. Maelezo ya Travell yalikuwa mepesi: kiti kinapobembea, misuli ya mgongo hujikaza na kujilegeza kwa zamu, damu inapita, hakuna msuli unaobaki umebeba mzigo mmoja saa nzima. Kennedy alipoingia Ikulu mwaka 1961, Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa Marekani, na viti vya kubembea vikaingia naye. Kiongozi wa taifa lenye silaha za nyuklia alipokea wageni akibembea kama babu barazani. Mwaka 1996, kimoja kati ya viti hivyo kiliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola 400,000.

Travell alikuwa na orodha ya makosa ya viti, na yeyote anayekwenda dukani na mgongo unaouma angefaa kuikariri. Kiti kisichogusa kiuno kinapoingia ndani. Mikono iliyo chini mno, mabega yakaning'inia, au juu mno yakapandishwa hadi masikioni. Mgongo wa kiti uliosimama wima. Ukingo wa mbele ulioinuka ukayakaba mapaja. Na kosa mama la yote: kiti cha kipimo kimoja kwa watu wote. Viatu huuzwa kwa namba, alilalamika, lakini mtu mfupi na pande la mtu hupewa kiti kilekile.

Lalamiko hilo lilijibiwa kwa njia ya kuzunguka. Bill Stumpf, mbunifu wa Marekani, alitumia miaka ya mwisho ya muongo wa 1960 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin akikaa na madaktari wa mifupa na wa mishipa ya damu, akichunguza jinsi watu wanavyokaa hasa, si wanavyoambiwa wakae. Kampuni ya samani ya Herman Miller ikatoa kiti chake, Ergon, mwaka 1976. Baadaye kampuni hiyo ilimtuma yeye na mwenzake Don Chadwick kubuni samani za wazee. Wawili hao walikwenda kuwatazama wazee makwao na katika nyumba za kulelea. Waliona makochi makubwa ya kulaza. Mzee alirudi kinyumenyume mpaka likamgusa nyuma ya magoti, kisha akajiachia adondoke. Kishikio cha kulaza kilikuwa mbali na mkono. Sponji nene lilishika joto na unyevu wa ngozi, na aliyeketi kutwa alipata vidonda kama vya mgonjwa asiyegeuzwa kitandani.

Matokeo yake yalikuwa kiti kilichoitwa Sarah, kilichokamilika mwaka 1988. Sponji lake lilikuwa jembamba, limelala juu ya kitambaa cha plastiki kilichotandwa kwenye fremu, upande wa nyuma ukiachwa wazi hewa ipite. Wakuu wa kampuni walikipenda, kisha wakajiuliza watamuuzia nani. Maduka ya samani hayakuwa na kona ya wazee. Mradi ukawekwa kando.

Stumpf na Chadwick hawakulitupa wazo. Waliondoa sponji lote, wakabakiza wavu uliotandwa, wakaunda kiti cha ofisi cha vipimo vitatu, A, B na C, kinacholala nyuma pamoja na mwili. Kikatoka mwaka 1994 kwa jina la Aeron. Walioonyeshwa mwanzoni walikubali kuwa kinakalika lakini wakaona sura yake mbaya, kama kiti ambacho fundi amesahau kukivalisha. Miaka michache baadaye, vijana wa kampuni za intaneti waliokuwa na fedha za wawekezaji walikinunua kwa mamia, na wavu ule, uliobuniwa kuziokoa ngozi za wazee, ukawa alama ya ujana na utajiri. Leo wavu huo, au mwigo wake wa bei nafuu, uko katika ofisi za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, mara nyingi umefungiwa mto kiunoni kwa utepe na mtu aliyechoka kusubiri.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Wengi wao hawatakikalia kamwe kiti cha daraja la Aeron, ambacho kimo katika mkusanyiko wa kudumu wa jumba la makumbusho la MoMA, New York. Ndugu yake mkubwa, Sarah, hakuingia sokoni.