Flashi nje ya kamera: Mambo ya msingi kwa mpiga picha anayeanza

KATIKA harusi nyingi zinazofanyika kwenye kumbi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, picha inayoleta malalamiko mara nyingi si ile iliyotoka na ukungu. Ni ile ambayo nyuso za maharusi zinang'aa kama zilizopakwa mafuta, ukumbi wote wa nyuma umemezwa na giza, na kivuli cheusi kimesimama nyuma ya kila kichwa kama mgeni asiyealikwa.

Mpiga picha huilaumu kamera, mwenye harusi humlaumu mpiga picha. Na kwa kuwa keki haikatwi mara mbili, pesa iliyobaki hucheleweshwa au hailipwi kabisa.

Kosa kwa kawaida liko mahali pamoja. Flashi imekaa juu ya kamera na inatazama kule kule inakotazama lenzi. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta vivuli vidogo vinavyoonyesha umbo la pua, shavu na kidevu, hivyo uso hubaki bapa mithili ya picha ya pasipoti. Dawa yake ni kuiondoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni, jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulihofia kuliko linavyostahili.

Hofu ya flashi ina historia ndefu. Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi New York, Marekani, alianza kutumia unga wa magnesi unaolipuka kwa mwanga mwishoni mwa miaka ya 1880 ili kupiga picha za vyumba vya maskini, na alisimulia kuwa aliwahi kuwasha nyumba moto kwa kifaa hicho, na hata kujiunguza mwenyewe. Balbu za flashi zilizofuata zilitumika mara moja na kutupwa. Flashi ya umeme inayotumika leo, yenye mrija wa gesi ya zenoni, inatokana kwa kiasi kikubwa na kazi iliyoanzwa mwaka 1931 na Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini humo.

Matumizi ya flashi ndogo nje ya kamera yalienea miongoni mwa wapiga picha wa kawaida baada ya mwaka 2006, pale David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, alipoanza kutoa masomo ya bure kwenye intaneti chini ya jina la Strobist. Hoja yake ilikuwa kwamba flashi ndogo mbili zinazoingia kwenye mkoba zinaweza kufanya kazi nyingi zilizokuwa zikidhaniwa ni za studio tu.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: flashi moja inayoruhusu nguvu yake kupangwa kwa mkono, stendi, mwavuli mweupe na njia ya kuiamuru flashi iwake wakati shata inapofunguka. Njia ya zamani ni waya unaochomekwa kwenye tundu dogo la kamera lililoandikwa PC, herufi ambazo hazihusiani na kompyuta bali zinatokana na Prontor na Compur, majina ya shata za Kijerumani. Waya ni rahisi lakini hukwaza watu, na ukumbi wenye watoto wanaokimbizana si mahali pake.

Njia ya pili ni jicho la flashi yenyewe, ambalo huifanya iwake inapoona mmweko wa flashi nyingine. Kwenye sherehe njia hii huleta kero, kwani kila flashi ya mpiga picha mwingine itaifyatua yako na kuimaliza betri. Aidha, kamera inayotoa mmweko mdogo wa kupima mwanga kabla ya picha huifanya flashi ya pili iwake mapema, na shata ikifunguka tayari giza limerudi. Ndiyo maana wengi huishia kununua vifaa vya redio, kimoja cha kutuma juu ya kamera na kingine cha kupokea kwenye flashi. Hivyo havihitaji kuonana, na hufanya kazi hata flashi ikiwa nyuma ya nguzo.

Baada ya vifaa linakuja jambo ambalo likieleweka, mengine yote huwa mepesi. Picha ya flashi ni picha mbili zinazopigwa kwa pamoja. Moja ni ya mwanga uliopo ukumbini, nyingine ni ya mwanga wa flashi.

Mmweko wa flashi ndogo huisha haraka mno, takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde ikiwa kwenye nguvu kamili, na haraka zaidi nguvu inapopunguzwa. Kwa hiyo shata ikikaa wazi kwa 1/125 ya sekunde au kwa 1/60, flashi haitambui tofauti, kwa sababu ilikwisha kuwaka na kuzima. Taa za ukumbi ndizo zinazotambua: kutoka 1/125 hadi 1/60, mwanga wake unaoingia kwenye kamera huongezeka mara mbili. Upana wa tundu la lenzi na kiwango cha ISO, kwa upande wao, huathiri mianga yote miwili.

Maana yake kwa mpiga picha wa harusi ni kubwa. Yule anayeona ukumbi umekuwa mweusi nyuma ya maharusi hana haja ya kuongeza flashi. Apunguze kasi ya shata, na mapambo ambayo familia imeyagharimia yataanza kuonekana bila nyuso kubadilika. Asishuke mno, kwani mtu anayecheza ataacha ukungu nyuma yake.

Kwa upande wa juu pia kuna kikomo. Kamera nyingi zenye shata ya pazia haziwezi kutumia flashi ya kawaida kwa kasi inayozidi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kikomo hicho kikivukwa, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijafunguka lote, na picha hutoka na mkanda mweusi upande mmoja. Mwanzoni wengi hudhani kamera imeharibika. Baadhi ya flashi zina namna maalumu ya kukwepa kikomo hicho, lakini hulipia kwa kupoteza nguvu nyingi.

Jambo la pili ni umbali, na hapa hesabu ya shuleni inarudi. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye flashi hapati nusu ya mwanga anaoupata aliye mita 1, bali robo. Aliye mita 3 hupata sehemu moja ya tisa.

Chukua mfano wa picha ya ukoo, safu ya mbele wakiwa wameketi na ya nyuma wamesimama mita moja na nusu nyuma yao. Flashi ikiwekwa mita moja na nusu kutoka safu ya mbele, wajomba walio nyuma watapata asilimia 25 tu ya mwanga wanaoupata walioketi. Ikirudishwa hadi mita 4.5, walio nyuma watapata karibu asilimia 56, tofauti ambayo jicho huivumilia. Gharama yake ni kwamba flashi sasa inatakiwa kutoa nguvu mara tisa ili safu ya mbele ipate mwanga ule ule. Flashi ndogo inaweza isifike, na hapo ndipo ISO hupandishwa.

Nguvu ya flashi huelezwa kwa namba ya mwongozo. Flashi yenye namba 32, kwa kipimo cha mita na ISO 100, ikiwa mita 4 kutoka kwa mtu huhitaji lenzi iwekwe f/8, kwani 32 ukigawa kwa 4 ni 8. Hesabu hii ni ya flashi tupu. Mwavuli hula sehemu kubwa ya mwanga huo, na namba zinazoandikwa kwenye maboksi nazo mara nyingi hupimwa huku kichwa cha flashi kimebana mwanga kwa ajili ya lenzi ndefu.

Je, flashi ikae wapi? Mahali pa kuanzia ni pembeni mwa kamera kwa nyuzi 45 hivi, na juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa, ikimtazama kwa kuinama. Kivuli cha pua hudondoka kuelekea pembe ya mdomo na macho hupata nukta ya mwanga inayoyapa uhai. Kwa mtu mwenye miwani, flashi ipandishwe au isogezwe pembeni zaidi hadi mng'ao uhame kwenye vioo.

Ulaini wa vivuli unategemea ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na umbali wake. Kioo cha flashi ni kidogo kuliko kiganja, hivyo kivuli chake hukata kama kisu. Mwanga huo huo ukipitishwa kwenye mwavuli wenye upana wa mita moja uliosogezwa karibu, kivuli huyeyuka kingoni. Mwavuli huo huo ukipelekwa mwisho wa ukumbi hugeuka kuwa chanzo kidogo tena, kosa ambalo hufanywa kila wikiendi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa ngozi nyeusi. Ngozi yenye weusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Chanzo kidogo cha mwanga huacha madoa meupe kwenye paji la uso na pua, ilhali chanzo kikubwa hutandaza mng'ao huo ukafuata mkunjo wa shavu. Kuongeza poda usoni husaidia kidogo. Kuongeza ukubwa wa mwanga husaidia zaidi.

Vilevile, flashi inayojipimia mwanga yenyewe isiaminiwe kupita kiasi. Kipimo chake hudhani kila kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe wala cheusi. Gauni jeupe likijaza picha, flashi hupunguza mwanga na bi harusi hutoka na giza. Suti nyeusi ikijaza, huongeza, na uso wa bwana harusi hupauka. Anayepanga nguvu kwa mkono huanza na thumuni, yaani 1/8, hutazama picha, kisha hupandisha au kushusha. Umbali usipobadilika, picha zote zitafanana.

Rangi nayo ina mambo yake. Mwanga wa flashi unakaribia ule wa mchana, kiasi cha 5,500 kwa kipimo cha Kelvin, wakati balbu za zamani za waya huwa karibu na 3,000. Kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa mbele ya flashi huviweka viwili hivyo pamoja. Bila hicho, uso huwa wa kawaida na ukuta huwa wa manjano.

Wanaonunua flashi za mitumba wanapaswa kuchukua tahadhari. Baadhi ya flashi za miaka ya 1970, yakiwamo matoleo ya awali ya Vivitar 283, hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye sehemu inayogusana na kamera, kiwango kinachoweza kuunguza saketi za kamera ya kidijitali. Fundi mwenye mita anaweza kupima kwa dakika moja. Flashi isifunguliwe na asiye fundi hata betri zikiwa zimetolewa, kwani kapasita yake huweza kuhifadhi volti 300 hivi kwa muda.

Kwa mazoezi ya nyumbani hakuna haja ya kumchosha mtu. Yai likiwekwa juu ya meza karibu na ukuta linatosha kwa jioni nzima: flashi ikizungushwa kutoka mbele hadi pembeni, ikasogezwa na kurudishwa nyuma, ikiwa tupu kisha ikiwa na mwavuli, kila badiliko litaonekana kwenye ganda lake. Siku inayofuata yai libadilishwe na ndugu mwenye subira, ikiwezekana anayevaa miwani.